Ubadilishaji wa oili katika injini za boti

Ubadilishaji wa oili katika injini za boti ni kazi ya kutoa oili iliyokwisha kutumika ndani ya injini ya chombo cha majini na kutia oili mpya, kwa kawaida pamoja na filta mpya. Kazi hiyo hufuata saa ambazo injini imefanya kazi, wala si rangi ya oili. Hata hivyo watumiaji wengi wa boti, kuanzia wavuvi hadi wenye boti za abiria, huchukulia weusi wa oili kuwa ndiyo alama ya kuchoka kwake. Alama hiyo hupotosha pande zote mbili: oili nyeusi tii inaweza kuwa bado nzima, na oili yenye rangi ya asali inaweza kuwa imekwisha nguvu au imeingia petroli.

Gari likizimika njiani, dereva hushuka na kulisukuma pembeni. Boti ikizimika injini nje ya mwamba au katikati ya ziwa, huchukuliwa na upepo na mkondo pamoja na waliomo. Ndiyo maana suala la oili, ambalo kwa mwenye gari ni la gharama, kwa mwenye boti ni la usalama pia.

Kazi ya oili

Oili hutenganisha vyuma vinavyosuguana, kama vile pistoni na silinda au krenkishafti na beringi zake. Pia hubeba joto kutoka mahali ambapo maji ya kupoza hayafiki, huziba nafasi ndogo kati ya ringi na ukuta wa silinda, huzuia kutu na huosha uchafu unaotokana na kuungua kwa mafuta.

Oili inayouzwa dukani si mafuta matupu. Sehemu kubwa ni mafuta ya msingi, na ndani yake huchanganywa kemikali mbalimbali ziitwazo viongezo. Baadhi hufanya kazi kama sabuni na kubandua uchafu kwenye chuma. Baadhi huzizunguka chembe za uchafu na kuzizuia zisishikamane. Nyingine ni za alikali, na kazi yake ni kuua asidi. Zipo pia zinazopunguza msuguano na zinazozuia povu. Mafuta ya msingi hudumu muda mrefu. Viongezo ndivyo vinavyoisha kwanza, na kuisha kwake hakuonekani kwa macho.

Kwa nini oili hugeuka nyeusi

Katika injini ya dizeli mafuta hunyunyizwa ndani ya hewa iliyobanwa na kupata joto kali, nayo huwaka papo hapo. Hayapati muda wa kuchanganyika sawasawa na hewa. Katikati ya wingu la matone hubaki mahali penye mafuta mengi na oksijeni kidogo, na hapo hutokea masizi, kama yale yanayoganda chini ya sufuria iliyopikiwa kwa kuni. Sehemu kubwa ya masizi hutoka kwa ekzosi, lakini kiasi fulani hupenya pembeni mwa ringi za pistoni pamoja na gesi za moto na kushuka hadi kwenye bakuli la oili chini ya injini, ambalo mafundi huliita sampu.

Huko viongezo huyapokea na kuyatawanya. Chembe za masizi ni ndogo kuliko mikroni moja, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Filta ya kawaida hunasa chembe za makumi ya mikroni, kwa hiyo masizi hupita bila kizuizi na kuendelea kuzunguka na oili. Hii ndiyo sababu kubadilisha filta peke yake hakurudishi rangi. Weusi unaoonekana kwenye kijiti cha kupimia ni masizi yaliyobebwa, ambayo yasingebebwa yangeganda kwenye pistoni na njia za oili. Maji ya kufulia yakibaki maangavu baada ya kufua nguo ya shamba, nguo ndiyo iliyobaki chafu.

Kinachofanya rangi isiwe kipimo ni kiasi. Masizi yasiyofikia hata asilimia moja ya uzito wa oili yanatosha kuifanya nyeusi kabisa. Injini nyingi za dizeli huvumilia zaidi ya kiasi hicho kabla oili haijaanza kuwa nzito na vyuma kulika. Basi jicho huona weusi uleule tangu siku za mwanzo hadi siku oili inapokuwa mbovu kweli, na haliwezi kutofautisha hatua hizo mbili.

Injini ya dizeli ya boti huweza kuifanya oili mpya iwe nyeusi ndani ya saa chache tu baada ya kubadilishwa. Mara nyingi fundi hulaumiwa kwamba hakumwaga oili yote, na kwa kiasi fulani lawama hiyo ina ukweli, ingawa kosa si lake. Katika boti nyingi injini imekaa chini kabisa, karibu na mkuku, na hakuna nafasi ya kuingiza chombo chini ya nati ya kumwagia. Oili hunyonywa kwa pampu kupitia tundu la kijiti, na kiasi hubaki katika pembe za sampu, kwenye mapito na kwenye kipoza oili. Masalio hayo yana masizi ya kutosha kuitia rangi oili yote mpya. Wauza oili, kwa upande wao, hawana haraka ya kumsahihisha mteja anayebadilisha kwa kuona weusi.

Injini za petroli hutoa masizi machache zaidi. Oili yake hupita polepole kutoka rangi ya asali hadi ya kahawia, hasa kwa sababu ya joto na oksijeni. Kwa kanuni inayotumiwa sana na wahandisi, kila joto la oili likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuungana kwake na oksijeni huongezeka karibu mara mbili. Oili iliyopata joto kupita kiasi huwa nyeusi na kunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyoungua. Harufu hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko rangi.

Dalili zinazopaswa kuogopwa

Rangi ambayo haina utetezi ni nyeupe-kahawia, kama chai ya maziwa. Hiyo ni oili iliyochanganyika na maji. Katika injini ya ndani maji huweza kuingia kupitia gasketi ya silinda iliyopasuka, kipoza oili kilichotoboka, au bomba la ekzosi linaloruhusu maji ya bahari kurudi nyuma injini ikiwa imezimwa. Oili ya namna hiyo haiwezi kutenganisha beringi na krenkishafti, na maji ya chumvi huanza kula chuma mara moja. Injini haifai kuwashwa tena hadi maji yatolewe na mlango wake upatikane. Baada ya matengenezo, oili hubadilishwa mara mbili au tatu mfululizo, kila mara injini ikiendeshwa kwa muda mfupi, hadi weupe utoweke. Kiasi kidogo cha utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia ni jambo tofauti: mara nyingi ni mvuke ulioganda kwenye injini isiyopata moto wa kutosha.

Dalili ya pili haionekani kabisa kwa rangi. Kimo cha oili kwenye kijiti kinapanda badala ya kushuka, na oili ni nyepesi na inanuka petroli. Hutokea hasa katika injini za petroli za mipigo minne zinazofungwa tezini. Injini hizi hupozwa moja kwa moja na maji ya nje, kwa hiyo hufanya kazi zikiwa baridi kuliko injini ya gari. Zikiendeshwa taratibu kwa saa nyingi, kama wakati wa kuvuta mshipi nyuma ya boti, petroli isiyoungua huteremka kwenye oili na haipati joto la kuifukuza. Mwenye boti akitazama kijiti huona oili safi na kimo cha kutosha, akaridhika, kumbe anaendesha injini kwa mchanganyiko usioweza kubeba mzigo.

Mafundi wana majaribio madogo yanayosaidia. Tone la oili likidondoshwa juu ya bati la moto likatoa mlio wa kuchacha, lina maji. Tone likiwekwa juu ya karatasi ya kuchujia na kuachwa, oili nzima hutawanya masizi yake katika duara linalofifia kuelekea nje. Oili ambayo viongezo vyake vimekwisha huacha doa jeusi katikati lenye ukingo mkali. Maabara hutoa jibu kamili zaidi: chuma kingi huashiria kulika kwa silinda au krenkishafti, shaba hutokana na beringi, sodiamu huonyesha maji ya bahari, na silikoni huonyesha vumbi. Meli kubwa hutegemea vipimo hivyo pamoja na mashine za kuchuja oili kwa mzunguko wa kasi, na oili yake inaweza kudumu miaka ikiongezewa tu. Kwa boti ndogo gharama ya maabara hukaribia au hupita bei ya oili yenyewe, kwa hiyo kubadilisha kwa saa ndiyo njia nafuu.

Muda wa kubadilisha

Kipimo cha kwanza ni kitabu cha mtengenezaji wa injini husika. Kwa injini za petroli za mipigo minne zinazofungwa tezini, watengenezaji wengi huelekeza kubadilisha oili baada ya saa 10 hadi 20 za mwanzo injini ikiwa mpya, kisha kila saa 100 au kila mwaka, lolote linalotangulia. Kwa injini ndogo za dizeli za ndani, mabadiliko ya kwanza huwa baada ya saa 50 hivi, kisha kati ya saa 100 na 250, au kila mwaka. Mabadiliko ya kwanza huja mapema kwa sababu vyuma vipya hutoa vumbi la chuma vinapozoeana.

Saa 100 zinaonekana nyingi au chache kutegemea nani anahesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa huwa limekwenda kilomita 6,000 ndani ya saa 100. Lakini gari hupanda, hushuka, husimama na kuserereka, ilhali boti husukuma maji wakati wote, kama gari linalopanda mlima usio na kilele.

Maelekezo ya "saa 100 au mwaka mmoja" yaliandikwa yakimlenga zaidi mtu wa Ulaya au Marekani anayetumia boti yake kwa starehe siku za mapumziko, ambaye huenda asifikishe saa 50 kwa mwaka. Kwake yeye, mwaka ndio unaotangulia. Mvuvi anayewasha mashine saa nne kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hutimiza saa 100 kila mwezi. Boti ya abiria inayotembea saa nane kwa siku huzitimiza katika siku ya kumi na tatu. Mmiliki anayekumbuka neno "mwaka" na kusahau neno "saa" anaweza kuendesha oili moja mara 12 zaidi ya kipimo chake, na bado akaamini kwamba amefuata kitabu.

Injini nyingi ndogo hazina mita ya saa. Njia ya kawaida ni kuandika katika daftari saa ya kutoka na ya kurudi. Njia nyingine ni kuhesabu mafuta. Injini ya petroli ya mipigo minne yenye nguvu ya farasi 15 ikikimbizwa kwa kasi yote hutumia takriban lita tano hadi sita kwa saa. Kwa hiyo lita 500 za petroli hukaribia saa 100 za kazi nzito. Kuhesabu kwa mafuta kuna faida yake, kwa sababu uchafu unaoingia kwenye oili hutokana na mafuta yaliyoungua. Udhaifu wake ni kwa boti inayokwenda taratibu muda mrefu: hutumia petroli kidogo kwa saa, kumbe ndiyo inayoingiza petroli kwenye oili. Hiyo ihesabiwe kwa saa.

Boti isiyotumika nayo ina kipimo chake. Oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na vitu hivyo huendelea kula beringi wakati injini imelala. Kwa hiyo oili hubadilishwa kabla ya boti kupandishwa nchi kavu, na si siku inaporudishwa majini. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako vyombo vidogo huweza kukaa ufukweni kusi inapovuma kwa nguvu, wakati unaofaa ni kabla ya mapumziko hayo.

Salfa katika dizeli hufupisha maisha ya oili, kwani ikiungua na kukutana na unyevu huwa asidi inayomaliza viongezo vya alikali. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Mahali ambapo dizeli ya asili isiyojulikana huuzwa kwa madumu, muda wa kubadilisha hupunguzwa.

Injini za mipigo miwili na oili ya gia

Injini za petroli za mipigo miwili, kama zile za Yamaha Enduro zinazotumika sana katika uvuvi barani Afrika, hazina oili ya kumwaga katika sehemu ya juu. Oili huchanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu moja kwa sehemu 50, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na huungua pamoja nayo. Injini mpya hupewa oili zaidi katika saa za mwanzo.

Hata hivyo injini hizo zina oili ya gia katika mguu wa chini, karibu na propela, na hiyo husahaulika kirahisi. Nayo hubadilishwa kila saa 100 hivi. Adui yake mkubwa ni mshipi wa kuvulia: uzi wa nailoni ukijisokota kwenye shafti ya propela hukata sili, na maji huingia kwenye gia. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, sili inahitaji kubadilishwa. Skrubu ya chini hufunguliwa kwanza, kisha ya juu ili hewa iingie. Kujaza hufanywa kutoka tundu la chini hadi oili itokeze juu, kwani ikitiwa kwa juu hewa hunaswa ndani na gia hubaki bila oili ya kutosha.

Uchaguzi wa oili

Namba kama 10W-30 au 15W-40 hueleza mnato, yaani uzito wa oili ikiwa baridi na ikiwa moto, kwa vipimo vya SAE. Haziseme chochote kuhusu viongezo. Kwa hilo hutazamwa alama nyingine. Alama za API zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. FC-W ni kiwango cha oili ya injini za boti za petroli za mipigo minne, ambacho kinajumuisha jaribio la kuzuia kutu. TC-W3 ni cha mipigo miwili inayopozwa kwa maji. Oili ya mipigo miwili ya pikipiki haifai badala yake, kwa kuwa mara nyingi ina viongezo vinavyoacha majivu katika injini ya boti.

Rangi humdanganya mnunuzi pia. Oili chafu iliyochujwa na kuondolewa weusi inaweza kutiwa kwenye chupa na kuonekana mpya, ilhali viongezo vyake havipo tena. Kizibo kisichofunguliwa na muuzaji anayejulikana vina thamani kuliko uangavu wa oili.

Namna ya kubadilisha

Injini huwashwa kwa dakika kadhaa hadi ipate uvuguvugu, kwa sababu oili ya moto hutiririka vizuri na hubeba uchafu uliokuwa umetulia chini. Kisha huzimwa, na oili hunyonywa au kumwagwa boti ikiwa imetulia sawa. Filta hufunguliwa, na gasketi ya filta mpya hupakwa oili kidogo kabla ya kufungwa kwa mkono. Ikiwa gasketi ya zamani imebaki imeganda kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake, oili yote inaweza kumwagika injini inapowashwa.

Oili mpya hutiwa pungufu kidogo ya kipimo, injini huwashwa kwa muda mfupi, huachwa itulie, kisha kimo hupimwa na kukamilishwa. Kujaza kupita alama ya juu si akiba. Krenkishafti huipiga oili hadi ikawa povu, na povu halilainishi. Saa za injini na tarehe huandikwa siku hiyohiyo.

Oili chafu

Oili iliyotumika ina metali na kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi, hivyo mafundi hushauriwa kuvaa glavu. Kuimwaga majini kunaua viumbe na kuharibu maji ya kunywa. Kulingana na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, oili ya injini moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji baridi. Baharini, mkataba wa kimataifa wa MARPOL unaweka mpaka wa sehemu 15 za mafuta kwa milioni katika maji yanayotolewa na meli. Maji ya ngama ya boti ndogo, ambayo hufutwa au kuchotwa na kumwagwa nje kila asubuhi, hupita mpaka huo kwa urahisi ikiwa injini inavuja.

Afrika Mashariki oili chafu hupakwa kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, jambo linaloacha sumu yake ardhini. Njia salama zaidi ni kuikusanya katika dumu lenye kifuniko na kuipeleka kwa wanaoikusanya. Filta ya zamani huachwa ikining'inia juu ya dumu kwa saa kadhaa ili ichuruzike. Oili iliyoingia maji ya chumvi au petroli nyingi huwekwa katika dumu la peke yake, kwani ikichanganywa na nyingine huharibu dumu zima kwa wanaoisafisha upya.